Mstari Ulioachwa Wazi

Barua tatu zilikuwa zimechapwa kwenye karatasi nyeupe, na juu ya kila moja palikuwa na maneno yale yale ya Kiingereza yaliyoandikwa na mashine: sanduku la anwani hii halipo, barua inarudishwa kwa aliyeiandika. Inspekta Ismaili Shekalaghe alizipanga kwa tarehe juu ya meza ya sebule, kule Gare. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe tatu Juni mwaka uliopita. Ya pili, tarehe kumi na tisa mwezi huo huo. Ya tatu, tarehe mosi Agosti.

Mwandishi wa zote alikuwa Kristian Shekiondo, fundi wa kuchomelea vyuma huko Durban. Alifariki kwa maradhi ya mapafu tarehe tisa Agosti, akazikwa huko huko na watu ambao hawakujua kwao ni wapi. Baba yake, Mwalimu Kornelio Shekiondo, alipata habari hizo mwezi Februari, pale mtu aliyekuwa akiishi chumba kimoja na marehemu alipofika Gare akiwa na bahasha ya barua hizo, saa ya mkononi na kitabu cha nyimbo.

Sasa ulikuwa mwezi Machi. Siku tatu zilizopita mwalimu alikwenda mwenyewe kituo cha polisi Lushoto, amevaa koti na tai, akamshitaki mwanawe wa pili, Zabron, kwamba ameifunga anwani yake ya barua pepe kwa makusudi ili kaka yake asisikike tena katika nyumba hiyo na shamba libaki la mmoja. Mkuu wa Polisi wa Wilaya alimkabidhi Inspekta Ismaili jalada, akamwambia awe na jibu kabla ya Jumapili. Jumapili ilikuwa siku ya ibada ya kumkumbuka Kristian. Mwalimu alikuwa amekwisha kutangaza mbele ya ukoo kwamba aliyeifunga anwani ile hataketi katika ibada hiyo, wala hatalala tena chini ya paa lake, awe nani.

"Awe nani," alirudia sasa, akiwa ameketi wima katika kiti chake. "Nimefundisha miaka thelathini na nane, Inspekta. Sikuwahi kumpunguzia mtoto adhabu kwa sababu ni wangu."

Inspekta aliuliza kwa nini marehemu hakupiga simu. Mwalimu akajibu kwamba wao hawakuwa wakipigiana simu. Tangu Kristian aache ualimu na kwenda kuchomelea vyuma, walizungumza kwa barua tu, kwa kuwa katika barua hakuna anayeweza kumkatiza mwenzake. Mwishoni mwa Mei mwaka uliopita walikosana hata katika barua. Mwalimu alimwandikia kwamba asimwandikie tena mpaka atakaporudi kushika chaki. Alilieleza hilo bila kupunguza neno, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

"Kishikwambi unachosomea barua kiko wapi, Mwalimu?"

Kiliwekwa mezani, kimefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Inspekta alikifungua. Barua zote za zamani zilikuwapo, za miaka sita, moja chini ya nyingine, na iliyo juu kabisa ilikuwa ya tarehe thelathini Mei. Chini kabisa kwenye kioo, kwa herufi ndogo za kijivu, paliandikwa kwamba kifaa kimeshindwa kuunganishwa na kitajaribu tena.

Inspekta aliuliza maneno hayo yameanza kuonekana lini. Mwalimu aliyatazama kwa utulivu wa mtu aliyeyazoea. Alieleza kwamba yalikuwapo siku zote. Dishi la intaneti lililokuwa juu ya paa lilikuwa la kampuni ya Kilele Net ya Lushoto mjini, na kila ukungu uliposhuka Gare, dishi lilikata na maneno hayo yakatokea. Ukungu ukiondoka, barua ziliingia. Kwa hiyo familia nzima ilijifunza kusubiri. Baadaye Zabron alileta mkongo, waya wa intaneti wa kampuni nyingine, dishi likashushwa, lakini maneno yalipoendelea kuonekana hakuna aliyeshangaa, maana ukungu haukuacha kushuka.

"Kwa hiyo tangu Juni ulidhani sanduku liko wazi."

"Lilikuwa wazi. Barua zake nilikuwa naziona. Zilizokosekana ni mpya tu, nami nilijua sababu. Nilikuwa nimemkataza."

Inspekta aligusa sehemu nyingine ya kioo, penye barua zinazosubiri kutumwa. Palikuwa na barua moja. Aliisoma, akaangalia tarehe yake, kisha akakizima kishikwambi na kusema kwamba angekichukua kama kielelezo. Hakueleza alichokiona.

Zabron aliandika maelezo yake jikoni, karibu na magunia ya kabichi yaliyokuwa yakisubiri gari. Alipoulizwa jina alilitaja lote, Zabron Kornelio Shekiondo, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuchoka kulitaja kituoni. Hakukana kwamba yeye ndiye aliyetaka kuhama Kilele Net. Wanunuzi wake wa Tanga walitaka picha za mzigo kila asubuhi, na dishi halikuwa la kutegemewa. Lakini siku ya kuvunja mkataba wa Kilele Net, tarehe thelathini na moja Mei, hakuwapo Lushoto. Lori lake lilikuwa limeharibika Mombo, akalala huko siku mbili. Inspekta alimpigia fundi wa Mombo papo hapo, na fundi akathibitisha, tena akakumbuka ni gia ipi iliyovunjika.

"Nani alikwenda kuvunja mkataba?"

Zabron alisita kwa mara ya kwanza. "Mke wangu," alisema. "Nilimtuma kwa simu."

Raheli aliingia akiwa amejifunga kanga mbili, akamwamkia Inspekta shikamoo kwa kupiga goti, akaketi kwenye kigoda cha mbali. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, na macho yake yalikuwa yamevimba. Inspekta alifungua karatasi ya maelezo na kumwuliza majina yake.

"Raheli Zabron."

"Zabron nani?"

"Zabron Shekiondo."

Aliandika. Raheli alikubali kwamba alikwenda ofisi ya Kilele Net siku hiyo, mchana, akatia sahihi karatasi aliyopewa. Kuhusu anwani ya barua pepe ya mkwewe, alisema tu kwamba aliamini imebaki, kwa sababu jioni ile ile aliona barua za Baba bado ziko katika kishikwambi. Inspekta aliuliza alikwenda mjini na nani.

"Nilipewa lifti."

"Na nani?"

"Na mwenye duka la hapa chini."

"Anaitwa nani?"

Raheli aliinamisha kichwa na kuvuta upindo wa kanga. Inspekta alirudia swali. Alimweleza kwa upole kwamba polisi hupenda kujua majina ya mashahidi, na kwamba kulificha jina kungeonekana vibaya. Mwanamke aliuma upindo ule. Inspekta akaandika katika daftari lake: *Shahidi anamficha mwanamume aliyemsindikiza.* Akaupigia mstari.

Ofisi ya Kilele Net ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, karibu na soko. Mhudumu wake, Mwanaidi, alikuwa binti wa Pangani ambaye bado alivaa sweta mbili kwa sababu ya baridi ya Lushoto. Alisoma barua ya polisi mara mbili, kisha akaeleza utaratibu kama alivyofundishwa. Anwani za wateja huishia na jina la kampuni; mteja akihama, anwani hufa pamoja na mkataba. Lakini kampuni huruhusu mteja kubaki na anwani yake, hata akiwa na intaneti ya kampuni nyingine, mradi aombe kabla laini haijakatwa. Maombi hufanywa hapo kaunta. Mteja anataja anwani, mhudumu anaichapa, mteja anatia sahihi. Basi.

"Na anwani haimo katika mkataba?"

Mwanaidi alisema mkataba ulikuwa wa Zabron, lakini anwani ilifunguliwa baadaye, na mfumo hauionyeshi mpaka uichape. Aliitafuta fomu ya tarehe thelathini na moja Mei na kuiweka kaunta. Mstari wa *Anwani inayoombwa kubaki* ulikuwa wazi. Pembeni, kwa mwandiko wa mhudumu, paliandikwa: *Haihitajiki.* Chini yake palikuwa na sahihi ya Raheli, herufi moja moja, iliyokazwa kwa kalamu.

"Alikwambia haihitajiki?"

Mwanaidi alifikiri. Kisha akasema, kwa haki, kwamba hapana. Yule mama alisema ipo ya mzee. Akaulizwa mzee gani, akasema mzee wa nyumbani. Akaambiwa amtaje jina ili ichapwe.

"Akasimama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani, Afande. Nikamwambia, dada, basi hata nusu ya jina. Akaweka mkono mdomoni. Akaniuliza, si mnaye humo kwenye kompyuta? Nikamwambia kompyuta haina macho. Watu walikuwa wamejaa, mwisho wa mwezi." Alivuta mikono ya sweta yake. "Nilidhani halijui."

"Alikuwa na mtu?"

Alikuwa na mwanamume mwenye kofia ya sufu, aliyesimama mlangoni na kuingia mara moja kumwambia kwamba gari linaondoka. Mwanamke alipomwona alizidi kubabaika, akatia sahihi na kutoka. Inspekta aliomba nakala ya fomu, akaitia katika jalada kama kielelezo cha pili. Hadi hapo alikuwa na mwanamke aliyeshindwa kutaja jina analolijua, na mwanamume ambaye mwanamke huyo hakutaka kumtaja. Kwa mpelelezi hayo mawili yalielekea upande mmoja: kwamba wawili hao walikuwa wamepatana jambo.

Alirudi Gare kwa pikipiki ya kituo, mvua ndogo ikimpiga usoni, akasimama mbele ya duka lililo chini ya njia ya misheni. Mwenye duka alikuwa amevaa kofia ya sufu. Alimkaribisha kwa furaha, akimwita mghoshi, yaani bwana kwa lugha ya huko, na alipoelezwa sababu ya ujio huo hakuficha lolote. Ndiyo, alimpa lifti mke wa Zabron. Ndiyo, aliingia ofisini kumwita, kwa sababu betri za gari zilikuwa za kuazima na mwenyewe alikuwa akizidai. Hakujua mwanamke alikwenda kufanya nini, na hakuuliza.

"Kwa nini hataki kukutaja?"

"Mimi?" Mwenye duka alicheka. "Yule mama hajawahi kunitaja tangu aolewe hapa. Ananiita Mwenye Sukari. Miaka kumi na tisa. Mke wangu aliwahi kumwuliza kama nina ubaya gani. Mimi sina shida, sukari ninayo."

Inspekta alifungua daftari, akauliza jina lake ili aliandike.

"Kornelio," alisema mwenye duka. "Kornelio Mbelwa."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Alirudisha kurasa nyuma, hadi maelezo ya asubuhi. Mume alisema Zabron Kornelio Shekiondo. Mke alisema Raheli Zabron, na alipobanwa akasema Zabron Shekiondo. Aliruka jina la katikati kama mtu anavyoruka shimo analolijua. Kaunta aliombwa jina la mkwewe, akaweka mkono mdomoni. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye jina hilo hilo, kwa hiyo hata yeye hakuweza kuombwa msaada kwa jina. Hakuna aliyepatana na yeyote. Mke wa Inspekta mwenyewe, huko Soni, alikuwa amemzika baba mkwe wake bila kulitamka jina lake hata siku moja, na Inspekta hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa la ajabu, wala la kuandikwa katika daftari la polisi.

Alikata kwa mistari miwili sentensi aliyoipigia mstari asubuhi. Akalipia soda ambayo hakuinywa, akapanda kilima kwa miguu.

Mwalimu alikuwa pale pale alipomwacha. Inspekta aliomba Zabron na Raheli waitwe, na walipoketi, aliweka mezani nakala ya fomu na kishikwambi. Alieleza hatua kwa hatua, kwa sauti ya kusoma ripoti: tarehe ya kuvunja mkataba, lori la Mombo, utaratibu wa kaunta, mstari ulioachwa wazi. Alisema kwamba Zabron hakuhusika. Alisema kwamba anwani ilikufa saa kumi na moja jioni ya tarehe thelathini na moja Mei, kwa sababu aliyejaribu kuiombea ibaki aliulizwa jina la mwenye anwani na hakulitaja.

Mwalimu aligeuza kichwa polepole hadi macho yake yakamfikia mke wa mwanawe.

"Hukulijua?"

"Nalijua, Baba."

"Basi kwa nini hukusema?"

Raheli alikuwa ameteremka kutoka kwenye kigoda, amepiga magoti sakafuni. "Siku niliyoletwa hapa mama mkwe alinishika mkono, akanionyesha wewe umeketi pale ulipoketi sasa. Akaniambia, huyu ni mkweo, jina lake halitapita mdomoni mwako mpaka mmoja wenu azikwe. Sijalitaja kanisani wala kuliandika popote, Baba. Sijalitaja hospitali nilipoulizwa babu wa watoto. Mbele ya watu wa mjini ningelitajaje? Nilidhani watalitafuta wenyewe." Alipangusa uso kwa kanga. "Bahasha ilipokuja nikafahamu ni mimi. Nikaogopa. Nilikuwa nimefungasha nguo zangu tangu Jumatatu."

Zabron alimtazama mkewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua katika nyumba yake mwenyewe.

Nje kengele ya misheni ililia mara moja, ikanyamaza. Mwalimu aliivuta fomu karibu na kuutazama ule mstari mtupu. Kisha akauliza, bila kuinua macho, katika kishikwambi kumeonekana nini, maana alimwona Inspekta akisoma.

Inspekta alisema ni barua ya tarehe ishirini na mbili Juni, iliyoandikwa na mwalimu mwenyewe.

"Naikumbuka," alisema mwalimu. "Nilimwandikia aje nyumbani. Nilimwambia chumba chake hakijaguswa na sitamwuliza habari za chaki. Hakunijibu. Nikasema, vyema, mwanangu amekuwa mgumu kuliko mimi."

"Haikutoka, Mwalimu. Imo humu mpaka leo, inasubiri."

"Kwa hiyo hakuisoma."

"Hakuisoma."

Mzee alitikisa kichwa mara moja, kama anavyofanya mtu aliyekubali hesabu yake imekosewa. Alichukua barua ya tatu ya Kristian, ile ya tarehe mosi Agosti, akaiweka mbali kidogo na macho, na kusoma kwa sauti sentensi mbili za mwisho. *Naona umefunga mlango, Baba, nawe una haki. Nakuamkia shikamoo kutoka nje.* Akaiweka chini, akaisawazisha na zile nyingine mbili.

"Jalada lako lina mahali pa jina la mtuhumiwa," alisema.

Inspekta alijibu kwamba lina.

"Limeandikwa?"

"Bado. Nilipoanza nilitarajia kuliandika Zabron. Njiani nikatarajia kuliandika jingine."

"Nipe."

Huo haukuwa utaratibu, na Inspekta alilijua hilo. Hata hivyo alilifungua jalada na kumsogezea kalamu. Mwalimu aliandika kwa mwandiko wa ubaoni, mwandiko ule uliofundisha nusu ya wilaya kushika kalamu. Alipomaliza hakumrudishia Inspekta karatasi. Alimnyoshea Raheli.

"Soma, ili Afande asikie."

Raheli aliipokea kwa mikono miwili. Alitazama kilichoandikwa, akamtazama mumewe, akarudisha macho kwa mzee na kutikisa kichwa.

"Baba, siwezi."

"Aliyekufunga ni mimi na mama yako mkwe. Yeye hayupo. Nimebaki mimi wa kukufungua. Soma, mwanangu."

Midomo yake ilijaribu mara mbili bila sauti.

"Kornelio," alisema.

Alilisema chini sana, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa kidole. Mwalimu alifumba macho. Zabron alikwenda kusimama dirishani, akawapa wote mgongo.

Inspekta alieleza, kwa kuwa kazi yake ilimtaka aeleze, kwamba mlalamikaji na mtuhumiwa wakiwa mtu mmoja, jalada hufungwa. Alikusanya vielelezo. Aliichukua fomu, akakichukua na kishikwambi. Alipotaka kuzichukua zile barua tatu, mzee alizifunika kwa kiganja.

"Hizi bado," alisema. Akazisukuma upande wa Raheli, ambaye alikuwa angali magotini. "Keti kwenye kiti. Nisomee zote tangu mwanzo, macho yangu leo hayaoni. Usianze na salamu. Anza juu kabisa, penye anwani."

Inspekta alivaa kofia yake na kuaga. Alipokuwa akishuka ngazi, ukungu ulikuwa umeshafunika miti ya mapeasi, na nyuma yake aliisikia sauti ya mwanamke ikitaja jina lote, na nukta, na jina la ukoo, na jina la kampuni, taratibu, bila kuruka kitu, kama inavyotakiwa kutajwa kaunta.